Mama Pétronille na Filimbi Mbili kwa Kosa Moja

Jumamosi tarehe 29 Juni 2024, baada ya miaka ishirini na mitatu na miezi mitatu ya kupuliza filimbi kwenye viwanja vya Uvira na tambarare ya Ruzizi, mwenzetu Mama Pétronille Kankindi anastaafu uamuzi wa mpira wa kikapu. Kwa muda huo amechezesha mechi elfu moja mia mbili na kumi na nne, na zote ameziandika kwenye daftari. Ametukanwa kwa lugha nne, amekimbizwa mara mbili, na amebebwa juu juu kwa furaha mara moja, na watu ambao baadaye walikiri kwamba walimdhania kocha.

Kamati ya waamuzi imeniomba mimi, Jean-Marie Kashindi, niandike wasifu wake kwa kuwa nimekuwa mwenzake uwanjani kwa miaka kumi na sita. Niliambiwa niandike mambo mema tu. Nitajitahidi, ila wasomaji wanisamehe: mema yake mengi yalianzia kwenye ugomvi kati yake na mimi.

Mama Pétronille alizaliwa Bwegera, kwa wakulima wa mpunga. Alikuja Uvira akiwa msichana kujifunza ushonaji, akabaki kuufundisha, na hata leo atelye yake, karakana ya cherehani, iko pale pale mtaani Mulongwe. Siku moja ya Machi 2001 alifika kwenye kiwanja cha mtaa, si kwa ajili ya mpira, bali kuleta jezi kumi na mbili alizokuwa ameshona. Mwamuzi aliyepangwa hakutokea. Mzee Pierre, kamishna wa mechi, akasimama katikati ya kiwanja akauliza, "Nani hapa iko na sifle?"

Mama Pétronille alikuwa nayo shingoni, filimbi ile aliyotumia kuwanyamazisha wanafunzi wake cherehani zikizidi kelele.

"Sifle niko nayo," akasema. "Sheria ndiyo siko nazo."

"Sheria nitakupatia wakati wa mapumziko," Mzee Pierre akamjibu.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza alikichezesha kwa sheria za darasa la ushonaji: anayemsukuma mwenzake anatoka nje, na anayebisha anamfuata. Mechi ilimalizika wachezaji wawili wakipambana na watatu. Mzee Pierre alitangaza kwamba ni mara ya kwanza mechi ya Mulongwe kumalizika bila mtu kuumia, akamwomba arudi wiki ijayo. Alirudi. Miaka mitatu baadaye alifanya mtihani wa waamuzi Bukavu, mwanamke peke yake kati ya watahiniwa kumi na tisa, akashika nafasi ya pili. Aliyeshika ya kwanza, Mama Pétronille hupenda kueleza, aliacha kazi hiyo baada ya mwaka mmoja.

Mimi niliingia mwaka 2008. Nilikuwa karani bandarini Kalundu, kijana wa miaka ishirini na saba, nimesoma kitabu cha sheria chote na nikiamini kwamba kitabu chenyewe kilikuwa na bahati ya kusomwa na mimi. Katika mechi yetu ya kwanza pamoja, dakika ya sita, mshambuliaji na mlinzi waligongana wakaanguka. Filimbi mbili zikalia kwa pamoja. Mama Pétronille akaweka mikono miwili kiunoni, maana yake mlinzi ameziba njia. Mimi nikapiga ngumi kwenye kiganja, maana yake mshambuliaji amevamia. Kosa lilikuwa moja, watuhumiwa wawili. Wale walioanguka wakabaki wamelala pale chini, kila mmoja akisubiri kujua kama yeye ndiye mkosaji au mkosewa.

Waamuzi wenye akili wangesogeleana, wakaulizana kwa sauti ya chini nani ameona vizuri zaidi, na mmoja akamwachia mwenzake. Sisi hakuna aliyeshusha mikono.

"Weye mutoto, shusha hiyo ngumi."

"Mama, kitabu kinasema..."

"Kitabu kilikuwa wapi wakati minye nilikuwa naangalia?"

Tulibishana dakika kumi na moja. Watu walienda kununua ndagala (dagaa) za kukaanga, wakarudi, wakatukuta vile vile, yeye mikono kiunoni, mimi ngumi kiganjani, kama watu waliochongwa. Mwishowe Mzee Pierre aliingia uwanjani, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nyinyi wawili, muko timu gani na gani?"

Kwa aibu tukaamua mpira urushwe juu katikati, uamuzi usiokuwemo katika kitabu changu wala kichwani mwake. Timu zote mbili ziliandika barua za malalamiko. Kamati ilisema haijawahi kuona wapinzani wakikubaliana neno kwa neno namna ile.

Tulisimamishwa wiki nne. Sharti la Mzee Pierre lilikuwa fupi: turudi pamoja au tusirudi kabisa. Jumatatu yake nilipata ujumbe kutoka kwa Mama Pétronille: "Kuja atelye kesho saa kumi. Vaa viatu vya kukimbilia."

Nilikuta amesogeza cherehani zote ukutani. Katikati ya chumba zilisimama manekeni mbili za kushonea, sanamu za umbo la mtu, moja mlinzi, nyingine mshambuliaji, hii ya pili ikiwa imevaa gauni la bibi harusi ambalo mwenyewe alikuwa hajaja kulichukua. Pale, kila Jumanne, mwaka baada ya mwaka, tulijifunza kazi ambayo wote wawili tulidhani tunaijua. Filimbi ikilia, mkono mmoja juu, ngumi imefungwa, basi. Hakuna ishara nyingine yoyote. Kwanza unamtazama mwenzako machoni. Kama na yeye ameinua mkono, mnaulizana kwa macho: hii iko yako au yangu? Aliye karibu, ambaye hakuna mgongo wa mtu mbele yake, ndiye anaendelea. Mwenzake anashusha mkono polepole kama mtu aliyekuwa akijinyoosha tu.

Kutazamana ndiko kulikuwa kugumu. Mimi nilikuwa nakimbilia kuonyesha ishara. Yeye alikuwa anatazama kosa, si mimi. Tukaweka zoezi la kusimama pande mbili za bibi harusi na kutazamana bila kupepesa. Siku ya tatu ya zoezi hilo mke wangu Divine, aliyekuwa amesikia maneno ya majirani, alifungua mlango bila kubisha hodi.

"Munaangaliana nini?" akauliza.

Nilianza kueleza habari za mlinzi na mshambuliaji na kuona kwamba kila neno linaniharibia. Mama Pétronille alimkabidhi Divine mpira, akamwambia, "Mama, kimbia uelekee yule bibi harusi, umugonge kabisa. Halafu utuambie nani kati yetu iko mujinga." Divine alikimbia, akagonga, gauni likachanika begani. Filimbi mbili zikalia, mikono miwili ikapanda, macho yakakutana, na mimi nikashusha mkono wangu.

"Ah," Divine akasema. "Kumbe iko kazi."

Tangu siku ile hakukosa Jumanne. Alianza kwa kushika saa ya mechi mezani, na mwaka 2015 alifaulu mtihani wa uamuzi. Yeye ni mmoja wa wanawake kumi na mmoja waliofundishwa na Mama Pétronille katika atelye ile, na ndiye pekee aliyeingia kwa nia ya kunipiga.

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyetuona tena tukionyesha ishara mbili. Watu walianza kusema kwamba tuna waya masikioni. Halafu ikaja fainali ya Agosti 2019.

Ilikuwa timu ya Uvira, Étoile ya Ziwa, dhidi ya Mupunga ya Bwegera, na mshindi angekwenda Bukavu kwenye mashindano ya jimbo. Hakuna timu ya kijiji cha tambarare iliyokuwa imewahi kufika huko. Wachezaji wa Mupunga walikuwa wakifanya mazoezi kwenye kiwanja cha udongo, baada ya shamba. Mashabiki wao walijaza malori matatu. Na kocha wao alikuwa Gaspard, mdogo wake Mama Pétronille, tumbo moja.

Yeye mwenyewe alikuwa ameomba aachwe. Kamati ikamjibu kwamba wenye kibali cha kuchezesha fainali mjini walikuwa watatu, na wa tatu alikuwa na malaria. Ikampanga kuwa mwamuzi mkuu. Kwa hiyo aliingia uwanjani mji mzima ukijua kwao ni wapi.

Zilibaki sekunde nne. Étoile walikuwa mbele kwa pointi moja, sitini na moja kwa sitini. Merdi wa Mupunga, kijana mwepesi sana, alichukua mpira upande wa Mama Pétronille, akakata kuelekea kikapuni, huko nilikokuwa nimesimama mimi. Bienvenu wa Étoile akatokea mbele yake. Wakagongana kabla mpira haujamtoka Merdi mkononi. Wakaanguka, na mpira, kama vile haukuhusika, ukapanda, ukazunguka kwenye chuma, ukaingia.

Filimbi mbili.

Nataka niseme kwamba tuliinua ngumi tukatazamana. Hatukutazamana. Kelele za watu, joto, sekunde nne, na miaka kumi na moja ya Jumanne ikayeyuka yote. Mikono yake ilikuwa kiunoni: mlinzi ameziba, kikapu kinahesabiwa, Bwegera wanakwenda Bukavu. Ngumi yangu ilikuwa kiganjani: mshambuliaji amevamia, kikapu kinafutwa, Uvira ndio mabingwa. Upande mmoja wa kiwanja watu walikuwa wanaimba, upande wa pili watu walikuwa wanavua sandali, na si kwa ajili ya kupumzisha miguu.

Sheria iko wazi: waamuzi wakipingana, neno la mwisho ni la mwamuzi mkuu. Angeweza kusema "minye ndiye mukubwa" na mambo yakaisha. Badala yake alishusha mikono, akanijia hadi katikati, akaugeuzia umati mgongo.

"Ulisimama wapi?"

"Chini ya kikapu, kwenye mstari."

"Miguu ya Bienvenu uliiona?"

"Niliiona yote miwili. Ilishakanyaga chini, na kifua kilimwelekea Merdi."

Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye miwani.

"Minye niliona mugongo wa Merdi," akasema. "Mugongo tu. Ingine yote nilijaza mwenyewe." Kisha akaniuliza, "Uko na hakika?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani, likiwemo la padri siku ya ndoa, lakini hakuna lililokuwa zito kama lile. Nilitazama yale malori matatu.

"Niko," nikasema. "Acha minye niende kwenye meza, Mama. Iko uamuzi wangu."

"Tukishaongea iko wetu. Kaa na mupira."

Akaenda mwenyewe, hatua zake zile zile za kawaida, akasimama mbele ya meza, akapiga ngumi kwenye kiganja, akapunga mikono kufuta kikapu, akaonyesha namba ya Merdi. Nilielewa baadaye kwa nini hakuniacha niende. Kama ningeenda mimi, malori matatu yangekuwa na mtu wa kumtafuta.

Kocha Gaspard alivuka mstari huku ameshika kichwa. "Yaya!" akamwita dada yake mkubwa. "Unatuua mbele ya watu!"

"Kocha, rudi kwenye kiti," akamwambia. "Yaya utamukuta nyumbani."

Sekunde zilizobaki zikaisha. Étoile wakabebwa, malori yakaondoka bila hata tusi moja. Nilimkuta Mama Pétronille amekaa kwenye benchi, anashindwa kufungua kamba za viatu, yeye ambaye vidole vyake hutia uzi kwenye sindano bila kuangalia. Nikainama nikamfungulia.

"Mama yangu iko na redio," akasema. "Atasikia jina langu mbele ya kusikia matokeo."

Kila mavuno Gaspard alikuwa akimletea dada yake gunia la mchele. Mwaka ule gunia lilikuja kama kawaida, limeshonwa mdomo vizuri kwa kamba ya buluu, jina lake limeandikwa kubwa. Alipolifungua mbele ya wanafunzi wake alikuta makapi matupu, yamejaa hadi juu. Akaagiza manekeni zipasuliwe na kujazwa upya kwa makapi yale, maana kweli zilikuwa zimebonyea kwa kugongwa. Hata hivyo, Jumanne ile hakutaka mazoezi, na harusi ya mpwa wake huko Bwegera hakualikwa. Alishona nguo za maharusi wengine miezi mitatu bila kuimba, na aliyewahi kupita mbele ya atelye ile anajua kwamba hilo si jambo dogo.

Mwezi wa Novemba Gaspard akafika kwa pikipiki, amejaa vumbi, simu mkononi. Mimi na Divine tulikuwepo. Hakusalimia. Alisema binti mmoja wa Bwegera, Sabine, alikuwa amerekodi tukio zima akiwa juu ya lori, na sasa ukweli utajulikana. Akaweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa, tukainamisha vichwa vinne.

Picha ilikuwa safi ajabu. Merdi huyo, anapokea. Merdi anakata. Bienvenu anatokea upande wa kulia, mguu mmoja unakanyaga, wa pili unashuka, na hapo hapo, mbele ya kamera, likapita beseni la mandazi kichwani mwa mama muuzaji. Beseni lilipoondoka, wote wawili walikuwa wameshaanguka.

Tulirudisha nyuma. Beseni likapita. Tulisimamisha, tukasogeza taratibu. Tuliweza kuhesabu mandazi, yalikuwa kumi na saba yanayoonekana, lakini miguu ya Bienvenu hapana. Mara ya thelathini hivi Divine alianza kucheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi.

Gaspard akakaa chini. "Kwa hiyo hata weye haujui, Yaya?"

"Sijui."

"Ulitunyima Bukavu na haujui?"

"Ningewapatia Bukavu na sijui, ingekuwa aje?"

Akanigeukia mimi. "Na weye, uko na hakika?"

"Niko," nikasema, kama siku ile.

Gaspard akamtazama dada yake. "Na unamwamini huyu?"

"Huyu?" Mama Pétronille akanipima kuanzia kichwani hadi miguuni. "Huyu anasahau hata siku ya ndoa yake, uliza Divine. Siamini yeye. Niliamini pahali alisimama."

Mtu mwingine angeudhika. Mimi, baada ya miaka kumi na sita kazini, sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile. Mabega ya Gaspard yakaanza kutikisika, na tulipodhani analia tukaona ni kicheko. Alitoka nje akarudi amebeba gunia begani. Lilikuwa limefungwa kwenye pikipiki muda wote huo.

"Iko muchele," akasema. "Mama ndiye alituma, tangu wiki ya pili baada ya fainali. Minye ndiye nilisema kwanza tuangalie video."

Divine hata hivyo alilifungua na kuchovya mkono hadi kwenye kiwiko, kuhakikisha.

Kumbukumbu zinadai niongeze machache. Mupunga walifika Bukavu mwaka 2022, bila msaada wa mwamuzi yeyote, wakatoka raundi ya pili vichwa juu. Mama Pétronille alitafsiri kitabu cha sheria kwa Kiswahili chetu kwa mkono wake, kurasa mia na arobaini, na waamuzi wa Sange, Kiliba na Luvungi wanakitumia. Sura ya waamuzi kupingana ni ndefu kuliko zote, na ina michoro ya bibi harusi. Hakuwahi kuchelewa mechi hata moja. Hakuwahi kukubali soda ya kocha kabla ya mchezo. Baada ya mchezo alikubali mbili. Daktari amemwambia magoti yake yamefanya kazi ya watu watatu, na yeye akajibu kwamba anawajua hao wengine wawili.

Kwa ajili ya kumuaga, Étoile na Mupunga watacheza Jumamosi saa tisa, na timu zote mbili ziliomba achezeshe yeye. Amekataa. Anasema kwa miaka ishirini na mitatu amesikia mashabiki wakiwafokea waamuzi, na hajawahi kujua utamu wake ni upi. Ameomba kiti cha mbele, karibu na mstari, mama yake upande mmoja na Gaspard, ambaye ameacha benchi kwa siku hiyo, upande wa pili. Kamati imekubali, na imetupanga mimi na Divine kuchezesha. Tayari ametutumia salamu kwamba ameshaandika orodha ya atakayotuambia.

Mama Pétronille, tunakushukuru kwa kila filimbi uliyopuliza na kwa kila mkono ulioushusha. Mungu akupe siku nyingi njema, magoti yaliyotulia, mchele kila mavuno, na sauti ya kutosha hadi dakika ya mwisho. Jumamosi kaa vizuri, mama yetu, utufokee unavyotaka. Sisi tutakuwa tunatazamana.